Mchezo wa hadithi na dadu mtandaoni: unachezwaje, na fedha za hisani zinapita wapi

Jamaa yako aliye Minnesota au London anakutumia ujumbe kwenye WhatsApp: Jumamosi tunacheza kuchangia hospitali ya watoto, karibu utazame. Unafungua kiungo na kukuta watu watano, kila mmoja kwenye kisanduku chake cha video, wakizungumza juu ya joka, upanga na daraja lililovunjika. Hakuna mpira, hakuna karata, hakuna gari linalokimbia kwenye skrini. Mmoja anarusha dadu, wote wanapiga kelele, na pembeni namba ya dola inapanda.

Anayekutana na jambo hili kwa mara ya kwanza huwa na maswali mawili. Mchezo wenyewe ni upi? Na hizo fedha zinakwenda wapi hasa? Swali la pili ndilo zito, na linamgusa hata msikilizaji ambaye hatacheza kamwe, kwa sababu siku moja mchango wa namna hii unaweza kuchangishwa kwa jina la kijiji chake. Lakini swali hilo halieleweki bila la kwanza, kwa hiyo tunaanza na mchezo.

Ngano ambayo msikilizaji anaingia ndani

Aliyekulia kwenye ngano anajua zinavyofunguliwa: mtambaji anaita paukwa, watoto wanaitikia pakawa, kisha kazi yao inabaki kusikiliza. Sasa fikiria bibi anasimulia mpaka sungura anafika kwenye mto wenye mamba, ananyamaza, anamgeukia mjukuu mmoja na kumwambia: wewe ndiye sungura, unafanya nini? Mjukuu anajibu anavyotaka. Anavuka, anarudi alikotoka, au anajaribu kumlaghai mamba ambebe mgongoni. Jambo likiwa gumu, bibi haamui kwa kupenda kwake kama limewezekana au limeshindikana. Wanarusha dadu, na dadu inaamua. Mjukuu wa pili yeye ni kobe, wa tatu ni ndege, na wote watatu wanasafiri pamoja.

Huo ndio mchezo. Yaliyobaki ni kanuni.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuuzwa ulitoka Marekani mwaka 1974, ukaitwa Dungeons & Dragons, yaani mahandaki na majoka. Waliotunga ni Gary Gygax wa mji mdogo wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, na Dave Arneson wa jimbo jirani la Minnesota. Wote wawili walikuwa wapenzi wa michezo ya vita inayochezwa mezani kwa vinyago vya askari. Jambo jipya walilofanya linaonekana dogo: badala ya mchezaji kuongoza jeshi zima, kila mmoja akaongoza mtu mmoja tu, mwenye jina, tabia na hofu zake. Toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000. Leo mchezo huo ni mali ya Wizards of the Coast, kampuni iliyo chini ya Hasbro, na kuna michezo mingine mingi ya jamii hiyo.

Anayesimulia tutamwita msimamizi wa mchezo. Yeye anaijua ramani, anacheza nafasi ya maadui, wauza duka, wazee wa kijiji na mtu yeyote ambaye wachezaji wanakutana naye njiani. Wachezaji wengine, mara nyingi wanne au watano, kila mmoja ana karatasi ya mhusika wake. Katika Dungeons & Dragons karatasi hiyo ina vipimo sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Mwenye nguvu nyingi anavunja mlango. Mwenye mvuto anamshawishi mlinzi aufungue.

Dadu nazo si zile za pande sita tu tulizozoea kwenye ludo. Zipo za pande nne, nane, kumi, kumi na mbili, na ile inayotawala mchezo, ya pande ishirini. Mchezaji akitaka kufanya jambo lenye mashaka, msimamizi anaweka kizingiti kichwani: 10 kwa jambo jepesi, 15 kwa la wastani, 20 kwa gumu. Mchezaji anarusha dadu ya pande ishirini na kujumlisha nyongeza iliyo kwenye karatasi yake. Akifikia kizingiti, amefaulu.

Hesabu hii tuifanye kabisa, kwa sababu ndiyo itakayotusaidia tukifika kwenye fedha. Tuseme kizingiti ni 15 na mhusika ana nyongeza ya 3. Dadu lazima iangukie 12 au zaidi. Katika pande ishirini, pande tisa zinafaa, yaani nafasi ya asilimia 45. Sasa kanuni za mchezo zinaruhusu, mhusika akiwa katika hali nzuri, arushe dadu mara mbili na kuchukua namba iliyo kubwa. Nafasi yake inapanda kutoka asilimia 45 hadi karibu 70. Tofauti hiyo inaonekana kwa macho. Kama mtazamaji anaweza kuinunua kwa kuchangia, atachangia.

Je, kuna uchawi ndani yake?

Swali hili litaulizwa, hasa na wazazi, na lilishaulizwa sana huko Marekani kwenyewe. Mwaka 1979 mwanafunzi wa Michigan State University alitoweka, na habari zikaenea kwamba amepotelea kwenye mahandaki ya mvuke chini ya chuo akicheza mchezo huu. Alipatikana akiwa hai, na ikaja kujulikana kwamba alikuwa na matatizo mengine mazito ya maisha. Katika miaka ya 1980 mama mmoja wa jimbo la Virginia, ambaye mwanawe alijiua, alianzisha kampeni ya kuupinga, na hofu ya ushetani ikasambaa makanisani na kwenye televisheni. Watafiti waliochunguza madai hayo baadaye hawakupata ushahidi kwamba mchezo unasababisha watu kujiua au kuabudu mashetani.

Kwa maoni yetu, kilicho kwenye karatasi zile ni sawa na zimwi la kwenye ngano: linatisha hadithi ikiendelea, na hadithi ikiisha halipo. Anayecheza mchawi kwenye mchezo hana tunguri wala hafukizi ubani. Ana namba na orodha ya maneno. Hata hivyo nyumba yenye msimamo wake wa dini ina haki ya kukataa, na yapo makundi yanayocheza bila mashetani kabisa, kwa hadithi za mabaharia, wapelelezi au wasafiri wa anga.

Kutoka mezani hadi kwenye skrini

Kwa miaka mingi mchezo ulihitaji watu kukaa meza moja. Intaneti ilibadilisha hilo. Tovuti ya Roll20, iliyofunguliwa mwaka 2012, inawapa wachezaji meza ya kuigiza: ramani inaonekana kwa wote, karatasi za wahusika zinahifadhiwa humo, na dadu zinarushwa na kompyuta mbele ya kila mtu, kwa hiyo hakuna wa kudanganya. Wengine hutumia Discord kwa sauti na kurusha dadu zao halisi nyumbani.

Kisha likaja jambo ambalo wengi hawakulitegemea: watu kutaka kutazama wengine wakicheza. Mwaka 2015 kundi la waigizaji wa sauti wa Los Angeles, watu wanaozitia sauti filamu za katuni na michezo ya kompyuta, walianza kurusha mchezo wao mubashara chini ya jina Critical Role, msimamizi akiwa Matthew Mercer. Kila kikao huchukua saa tatu au nne. Sisi watu wa redio hatukushangaa sana, maana tunajua nguvu ya sauti nzuri na hadithi ambayo haijaisha. Mwaka 2019 kundi hilo liliwaomba mashabiki wagharimie filamu fupi ya katuni ya hadithi yao, wakapokea zaidi ya dola milioni 11 kutoka kwa watu zaidi ya 88,000. Hiyo haikuwa hisani, ilikuwa biashara. Lakini iliwaonyesha wengi kwamba watazamaji wa mchezo huu hutoa fedha, na kwamba wanaotoa ni wengi.

Walivyochangisha wengine

Mfano unaojulikana zaidi ni Extra Life. Ulianza mwaka 2008 nchini Marekani, baada ya msichana mmoja wa Texas kufariki kwa saratani ya damu. Wapenzi wa michezo ya kompyuta waliokuwa wakimtumia michezo ya kumliwaza akiwa mgonjwa waliamua kumkumbuka kwa kucheza saa 24 mfululizo na kuomba marafiki wachangie hospitali. Baadaye kampeni hiyo ikawa chini ya Children's Miracle Network Hospitals, mtandao wa hospitali za watoto. Anayeshiriki anachagua hospitali ya eneo lake, na mchezo unaweza kuwa wa kompyuta au wa mezani, dadu zikiwemo. Wizards of the Coast nayo imetoa visa vya kuchezwa ambavyo mapato yake yalikwenda Extra Life. Kimojawapo ni Locathah Rising cha mwaka 2019, ambacho wachezaji wake wanaigiza viumbe nusu watu nusu samaki.

Mwaka huohuo wa 2019 mtangazaji maarufu wa televisheni Stephen Colbert, ambaye alicheza mchezo huu tangu ujana wake, aliketi na Matthew Mercer wakacheza kwa ajili ya Red Nose Day. Wachangiaji walipewa nafasi ya kuamua baadhi ya mambo ya safari yake. Red Nose Day inafaa tuieleze kidogo, kwa kuwa inatugusa. Ni kampeni ya shirika la Comic Relief, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1985 wakati wa njaa ya Ethiopia, na fedha zake zimewahi kufadhili miradi Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa maneno mengine, dadu inayorushwa New York inaweza kuishia kuwa dawa au madawati kwetu.

Kuna njia nyingine isiyohitaji kucheza mubashara: watunzi wanatoa michezo yao bure kama mchango, inafungwa kuwa furushi moja, na mnunuzi analipa fedha kidogo kwa vitabu vingi vya kusoma kwenye kompyuta. Baada ya tetemeko la Haiti mwaka 2010, duka la mtandaoni la DriveThruRPG liliuza furushi la namna hiyo kwa dola 20 na kukusanya zaidi ya dola 170,000 kwa ajili ya Madaktari Wasio na Mipaka. Mwaka 2020 tovuti ya itch.io ilikusanya zaidi ya dola milioni 8 kwa furushi la haki za watu weusi Marekani, bei ya chini ikiwa dola 5, na mwaka 2022 zaidi ya dola milioni 6 kwa ajili ya Ukraine. Katika mafurushi hayo mawili michezo ya kompyuta na ya mezani ilichanganywa.

Unavyoandaliwa

Tuseme sasa kijana wetu, yuko Nairobi, Mwanza au Muscat, anataka kuandaa mchezo wa hisani. Vifaa si vigumu. Anahitaji msimamizi mmoja anayejua kusimulia, wachezaji wanne, mahali tulivu, na intaneti isiyokatika upande wa anayerusha matangazo. Wengine wanaweza kuwa kwenye simu. Sauti peke yake inakula bando kidogo. Ni video inayomaliza. Kundi lililo na mtandao hafifu linafanya vizuri zaidi likirusha sauti safi na picha moja ya ramani kuliko nyuso tano zinazoganda kila dakika.

Kanuni zinapatikana bure. Mwezi Januari 2023, baada ya ugomvi mkubwa na mashabiki wake, Wizards of the Coast iliziweka kanuni za msingi za Dungeons & Dragons, toleo lililoitwa 5.1, chini ya kibali huria cha Creative Commons. Maana yake ni kwamba mtu yeyote anaweza kuzinakili, kuzibadilisha na hata kuzitafsiri kwa Kiswahili, mradi ataje zilikotoka. Hadithi na picha nyingine za kampuni hiyo hazimo kwenye kibali, kwa hiyo ni salama zaidi kutunga kisa chako. Na kwa nini usitunge? Majitu, majini ya baharini na nyoka wenye vichwa saba havijawahi kutupungukia pwani hii.

Kisa cha hisani kinatakiwa kiishe siku hiyohiyo. Hili waandaaji wapya hulisahau. Mchezo wa nyumbani unaweza kuendelea miaka miwili, lakini mtazamaji aliyetoa fedha yake anataka kuona joka limeanguka au limeshinda kabla hajalala. Saa tatu hadi nne zinatosha: mwanzo mfupi, fumbo moja, ugomvi mmoja mdogo, na pambano la mwisho.

Kabla ya siku yenyewe, wachezaji hukutana bila hadhira na kukubaliana mambo ambayo hayataguswa kwenye hadithi. Kama mchango ni wa wodi ya watoto wenye saratani, mtoto anayekufa kwenye hadithi ni jambo la kuepuka. Makundi mengi huweka pia ishara, mara nyingi kadi yenye herufi X. Mchezaji akiigusa, tukio hilo linarukwa na hakuna anayeuliza sababu. Tunaipenda desturi hiyo. Mezani watu wanasomana nyuso, lakini mtandaoni mtu anaweza kuumia huku kamera yake imezimwa.

Sasa turudi kwenye ile asilimia 45 na 70. Mwandaaji anatangaza bei. Kwa dola 5 mchangiaji anampa mchezaji ruhusa ya kurusha dadu mara mbili. Kwa dola 10 anampa jina muuza duka, ndiyo maana unasikia muuza upanga anaitwa Mama Zawadi. Kwa dola 25 anaongeza adui mmoja pambanoni. Na kwenye njia panda watazamaji wanashindana: wanaotaka msitu wanachangia huku, wanaotaka mlima kule, na upande wenye fedha nyingi ndio unaofuatwa. Uzuri wa mashindano hayo ni kwamba hata walioshindwa, fedha zao zimekwenda palepale kwenye hisani.

Hapa ndipo ustadi wa mwandaaji unapoonekana. Fedha ikitawala kila kitu, hadithi inakufa. Kama kila mrusho unanunuliwa, hakuna hofu tena. Na kama maadui wanaongezwa kila dakika, wahusika wanakufa saa ya kwanza na kipindi kimekwisha. Waandaaji wenye uzoefu huweka kikomo, kwa mfano msaada mmoja kwa kila mchezaji kwa saa. Na jambo moja haliuzwi kamwe: matokeo ya dadu yenyewe. Unaweza kununua nafasi ya kurusha tena, huwezi kununua ishirini. Mtazamaji akihisi namba zinapangwa, ataanza kujiuliza kama na ile namba ya dola imepangwa.

Fedha zinapita mkononi mwa nani

Hili ndilo swali la kuuliza kabla ya kutoa hata shilingi moja. Njia ziko mbili. Ya kwanza, mchango unaingia kwenye akaunti au simu ya mwandaaji, naye anaahidi kuupeleka. Ya pili, mchango unapita kwenye jukwaa lililounganishwa na shirika lenyewe, na mwandaaji hagusi chochote, anaona tu jumla ikipanda. Tiltify ni jukwaa la aina hiyo linalotumiwa sana na wachezaji, na Twitch, tovuti kubwa ya kurusha michezo mubashara, ilianzisha mfumo wake wa hisani mwaka 2022.

Njia ya pili ni bora, na sababu si kwamba waandaaji ni wezi. Mwandaaji mwaminifu kabisa anaweza kukwama kwa njia ya kwanza. Mchangiaji anaweza kwenda benki yake na kudai fedha alizolipa kwa kadi zirudishwe, wakati mwandaaji ameshazituma. Mamlaka ya kodi inaweza kuziona ni mapato yake binafsi. Huko Marekani mchangiaji hupata nafuu ya kodi akitoa kwa shirika lililosajiliwa, siyo akimpa mtu binafsi. Uingereza, shirika la hisani linaweza kudai kwa serikali senti 25 za ziada kwa kila pauni moja aliyotoa mlipa kodi, mpango unaoitwa Gift Aid. Faida hiyo inapotea fedha zikipita mfukoni mwa rafiki.

Makato nayo yanahitaji kuangaliwa. Chukua mfano wa kadi inayokatwa asilimia 3 pamoja na senti 30 kwa kila malipo. Anayetoa dola 20 anakatwa senti 90, si neno. Anayetoa dola 1 anakatwa senti 33, yaani theluthi ya mchango wake imeishia njiani. Ndiyo maana waandaaji wengi huweka kiwango cha chini cha dola 5, ambapo makato katika mfano huu ni senti 45. Mwenye kidogo kuliko hicho ni afadhali marafiki watano wakusanye pamoja na mmoja atume mara moja. Waliozoea harambee ya kutumiana kwa simu hesabu hiyo wanaijua tayari.

Tahadhari nyingine ni bahati nasibu. Mwandaaji anaweza kushawishika kusema: kila anayechangia anaingia kwenye droo ya kushinda seti ya dadu. Katika nchi nyingi kuuza nafasi ya kushinda kitu kunahesabiwa kuwa mchezo wa kubahatisha na kunahitaji kibali, hata kama mapato ni ya yatima. Kuuza kitu kwa mnada ni njia nyepesi zaidi, lakini sheria ya mahali ulipo iulizwe kwanza.

Na shirika lenyewe lipo? Uingereza na Wales kuna daftari la wazi la Charity Commission, ambapo kila shirika lina namba yake na hesabu zake zinasomwa na yeyote. Marekani, mamlaka ya kodi ina ukurasa wa kutafuta mashirika yenye msamaha wa kodi. Ukitumiwa kiungo cha kuchangia, usibonyeze tu. Andika jina la shirika mwenyewe kwenye daftari hilo, kisha linganisha. Matapeli huiga jina na kubadilisha herufi moja.

Kijiji chako kikitajwa

Tumeahidi kurudi hapa. Mara nyingine mtoto wa kijiji aliye ughaibuni anaandaa mchezo kuchangia kisima au zahanati ya nyumbani. Nia ni njema, na fedha zinaweza kuwa nyingi kuliko mwenyekiti alivyowahi kuandika kwenye daftari lake. Hapo ndipo undugu unapovunjika.

Kwa kawaida majukwaa haya hayapokei kikundi cha kijiji moja kwa moja. Yanataka shirika lililosajiliwa, lenye akaunti ya benki na hesabu. Kwa hiyo fedha hupitia kwa shirika jingine, la nchini au la nje. Zipo pia tovuti kama GlobalGiving ya Marekani, iliyoanza mwaka 2002, ambazo huyakagua mashirika ya nchi nyingi kabla ya kuyaruhusu kuomba, na ya Afrika Mashariki yamo. Kikundi chenye usajili, watia saini watatu na daftari linalosomwa mbele ya wanachama kina nafasi nzuri kuliko kile chenye barua ya mwenyekiti tu.

Kabla mchezo haujaanza, kamati imwombe mwandaaji maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu: shirika gani litapokea, makato ni yapi, fedha zitafika lini na kwa sarafu gani, na zisipotosha kazi itafanywa nini. Hilo la mwisho wengi hulipita. Kisima kilichochimbwa nusu ni shimo. Wengine huamua mapema kwamba lengo la kisima lisipofikiwa, fedha zitanunua matangi ya kuvunia maji ya mvua, na wanawatangazia watazamaji hivyo tangu mwanzo.

Na picha. Mwandaaji ataomba picha za watoto wa shule, maana zinagusa mioyo. Mzazi ana haki ya kukataa, na kukataa kwake kusimnyime mtoto wake maji. Picha ya darasa lisilo na paa inaeleza shida vizuri bila sura ya mtoto yeyote. Picha ikishaingia mtandaoni hairudi, na tapeli anaweza kuichukua na kuombea fedha mahali msipopajua. Mkiona kijiji chenu kinaombewa fedha na watu msiowafahamu, hifadhini picha ya skrini, pigieni shirika lililotajwa kupitia namba iliyo kwenye daftari rasmi, na muarifu jukwaa lenyewe. Majukwaa huwa na kitufe cha kuripoti.

Vijana na wageni wa mtandaoni

Mchezo huu hukutanisha watu wa rika tofauti wasiojuana, kwa sauti, kwa saa nyingi. Kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, hilo linahitaji macho ya mkubwa. Ajiunge na kundi la shule, maktaba au jamaa anaowajua. Asitumie jina lake kamili. Mtu mzima akimwita pembeni kwa ujumbe wa faragha, amwambie mzazi siku hiyohiyo. Mazungumzo ya kuandika kando ya matangazo yawe na msimamizi wake, tofauti na msimamizi wa mchezo, kwa sababu mtu mmoja hawezi kusimulia joka na kufuta matusi kwa wakati mmoja.

Kwa mwenye simu ndogo

Si lazima ukeshe. Vipindi vingi hubaki kwenye YouTube baada ya kurushwa, na ukichagua ubora wa chini kabisa, wa 144, picha haipendezi lakini hadithi unaisikia vizuri. Critical Role na makundi mengine hutoa pia sauti peke yake, unaipakua palipo na intaneti ya bure na kuisikiliza shambani. Kiingereza chake ni cha haraka.

Kundi la kijijini linaweza kucheza bila kurusha matangazo yoyote. Msimamizi anaandika tukio kwenye kundi la WhatsApp jioni, wachezaji wanajibu kesho wakipumzika, na anayerusha dadu anaipiga picha ili wenzake waione. Safari moja inaweza kuchukua wiki sita. Kama ni ya hisani, mweka hazina aandike kila mchango kwenye kundi hilohilo siku ulipoingia: jina au herufi za mwanzo, kiasi, tarehe. Siku ya kukabidhi, risiti ya aliyepokea ipigwe picha na kuwekwa hapo chini.